Ushauri wa kunyonyesha mpelekeeni bibi

Ndugu Mhariri,

Kama umri wako umenipita, shikamoo. Kama sivyo, marahaba, na univumilie kwa barua ndefu.

Ukurasa wenu wa afya wa wiki ya kwanza ya Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, umeniudhi. Mwandishi wenu anasema mabinti wa siku hizi hawataki kunyonyesha, wanaogopa maziwa kulala, akili yao yote iko kwenye simu, na kwamba zamani akina mama hawakuwa hivyo. Nimeirudia makala nzima nikitafuta mzazi mmoja aliyehojiwa akiwa na mtoto mapajani. Hayumo. Yumo mgeni rasmi wa maadhimisho, yumo ofisa mmoja, na yumo kijana wa kiume aliyekutwa stendi ya mabasi akaombwa maoni yake kuhusu matiti.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Muheza. Nilianza kazi wodi ya wazazi katikati ya miaka ya 80, baadaye nikahamia kliniki ya watoto, huko ndiko nilikozeekea. Mtaani bado wananiita nesi, na mlango wangu hugongwa saa ambazo zahanati imefungwa. Mzazi aliyeniambia hanyonyeshi kwa ajili ya umbo sijakutana naye. (Na kwa faida ya kijana wa stendi: ziwa hulegezwa na mimba na umri, mtu anyonyeshe asinyonyeshe.) Wanaokuja kwangu ni wale wanaosema, machozi yakiwalengalenga, "Nesi, mtoto hashibi."

Tena hiyo "zamani" ya mwandishi wenu ina takwimu zake, angezitafuta angezipata. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2004-05 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miezi sita, 41 tu ndio waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama bila kuchanganyiwa kitu. Wa 2010 ukakuta 50. Wa 2015-16 ukakuta 59, na wa 2022 ukakuta 64. Kwa hiyo mabinti hawa hawa wa simu wanawanyonyesha watoto wao bila maji wala uji kuliko tulivyofanya sisi mama zao. Sisi tulinyonyesha kwa muda mrefu, hilo ni kweli, mtoto anakimbia uwanjani na bado anarudi kufunua kanga ya mama. Lakini kikombe cha maji kilikuwa pembeni tangu wiki ya kwanza. Habari yenyewe ilikuwa nzuri, nyinyi mkaigeuza kuwa karipio.

Sasa wale watoto 36 waliobaki katika kila 100, nani anayewapa maji na uji? Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Mara nyingi sana ni mtu wa rika langu. Ni bibi.

Nyumba nyingi za huku kwetu mzazi akirudi kutoka hospitali hana kauli mpaka arobaini iishe. Anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, anaambiwa alale. Mambo mema hayo, sitaki yafe. Mzazi aliyekula na kupumzika ana nguvu ya kunyonyesha. Ila mwenye nyumba ni mama yake au mama mkwe, na mtoto akilia usiku wa pili, bibi ndiye anayetoa hukumu. Akihukumu kuwa ni kiu, kijiko cha maji kinakuja. Akihukumu kuwa ni chango, mizizi inachemshwa. Akihukumu kuwa ziwa ni jepesi, anatumwa mtu dukani kuleta kopo la maziwa. Binti wa miaka 20, mshono unamuuma, kalala chumba cha mama mkwe, nyinyi mnamwandikia gazetini akatae. Akatae kwa mdomo gani?

Na bibi huyo si mjinga. Naomba hili mlielewe kuliko yote niliyoandika. Bibi anamkumbuka nesi. Kabla ya 2001 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa mtoto anyonye maziwa peke yake kwa miezi minne hadi sita, na ni mwaka huo ndipo iliposemwa miezi sita kamili. Mwanamke aliyezaa 1989 alikaa kwenye benchi la kliniki akafundishwa, kwa nyimbo na kwa kuonyeshwa sufuria, kwamba mtoto wa miezi minne huanza uji. Akatii. Mtoto akakua, akasoma, akaoa. Ndiye mume wa huyu binti. Ushahidi wa bibi umekaa sebuleni unakula wali. Nyinyi mnataka kumshinda kwa kipeperushi?

Maelekezo yalipobadilika, walioambiwa ni wale waliokuja kliniki baada ya hapo. Yule wa 1989 hakuitwa tena. Hakuna aliyebisha hodi kwake kumwambia kwamba somo lile limebadilika na sababu zake ni hizi na hizi. Leo anamfundisha mkaza mwanawe alichofundishwa yeye, kwa uaminifu kabisa, na tunamwita mpinga elimu.

Basi niziseme hizo sababu hapa, na ninaomba mzichape kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Mtoto wa siku ya kwanza, tumbo lake kwa mara moja linapokea kiasi cha kijiko cha chai. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya manjano, huwa kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Si uchafu, si maziwa yaliyolala tumboni miezi tisa. Yamejaa kinga, yanalainisha choo cheusi cha kwanza kitoke, na kuyakamua na kuyamwaga ni kumnyima mtoto kinga yake ya kwanza. Awekwe ziwani ndani ya saa ya kwanza, akiwa bado kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Katika siku zake chache za mwanzo mtoto hupungua uzito, na bibi anaona kabisa kwamba amesinyaa. Anaona sawa. Mtoto mzima anaweza kupungua mpaka kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito aliozaliwa nao, kisha akaurudisha ndani ya wiki mbili. Hizo ndizo siku ambazo makopo mengi hununuliwa, siku chache tu kabla maziwa hayajajaa yenyewe.

Maji: maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Hata kaskazi ya Januari hapa Tanga, mtu mzima anapotafuta kivuli saa tatu asubuhi, mtoto anayenyonya kila anapotaka hahitaji maji. Akipewa, tumbo linajaa kitu kisicho chakula, ananyonya kidogo, na ziwa ambalo halikunyonywa linapunguza kutengeneza. Hapo ndipo panapowakwaza wengi. Binti anaambiwa "maziwa yako hayatoshi," mtoto anapewa uji mwepesi, kesho yake maziwa yanapungua kweli, na bibi anasema, "Si nilikwambia?" Alichokitabiri amekisababisha mwenyewe. Ziwa linatengeneza kadiri linavyonyonywa, hasa usiku, maana homoni ya kutengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku. Yule bibi mwenye huruma anayemchukua mjukuu usiku kucha ili mama alale na kumtuliza kwa maji ya sukari, huruma yake ingekuwa na faida zaidi kama angemleta mtoto ziwani, kisha amchukue kumcheulisha na kumbadilisha nepi.

Mwezi Juni niliitwa nyumba ya nne kutoka kwangu. Mtoto wa siku sita analia, mama yake analia, mama mkwe kashika kikombe.

"Nesi, tazama mwenyewe. Maziwa ya mkaza mwanangu mepesi, maji ya kuoshea mchele haya."

"Ni mepesi kweli, dada. Ya mwanzo ndiyo maji yake ya kunywa. Ya nyuma ndiyo mazito. Mwache amalize ziwa moja kwanza, ndipo ageuziwe la pili."

Nikamwomba binti anyonyeshe nione. Mtoto alikuwa anashika chuchu tupu, ndiyo maana inampasuka mama na maziwa hayaji. Tukampakata upya: tumbo la mtoto kwa tumbo la mama, kidevu kinagusa ziwa, mdomo umeachama kabisa, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu iingie mdomoni sehemu kubwa, mdomo wa chini umebinuka kwa nje. Akavuta. Mama mkwe akasogea kusikiliza anavyomeza.

Halafu nikamuuliza yeye, si binti, nepi ngapi zimelowa tangu jana alfajiri. Ndiye anayefua, hesabu hiyo hana mwingine. Akachungulia kamba ya uani akahesabu saba. Nikamwambia mtoto aliyepita siku tano, akilowesha sita au zaidi kwa siku na mkojo si wa manjano iliyokolea, huyo anashiba. Akikojoa chini ya hapo, au akilegea na kusinzia hata hataki ziwa, au macho yakiwa ya njano, au wiki mbili zikapita uzito haujarudi, hapo si suala la bibi wala la jirani nesi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kile kikombe alikinywa mwenyewe. Na kuanzia siku hiyo nikipita pale namsikia kutoka barazani, "Mgeuze, hajashika vizuri huyo!" Binti sikumfundisha chochote ambacho hakukisikia wodini. Tofauti ni kwamba sasa mwenye kauli ndani ya nyumba analinda somo lile lile.

Yako mambo ambayo hayamo katika vipeperushi vyenu kwa sababu anayeviandika hayasikii. Mama akitoka shambani kwenye jua kali, au akikaa siku nzima sokoni, huambiwa maziwa yamechacha, ayakamue ayamwage kabla ya kumpa mtoto. Maziwa hayachachi yakiwa ziwani, akae juani hata kutwa. Anawe mikono, ajipanguse jasho, anyonyeshe. Kama ziwa limejaa hadi limekuwa gumu, akamue kidogo tu lilainike ili mtoto aweze kulishika.

Na kuna kubemenda. Hili halisemwi mbele ya mgeni rasmi. Mtoto akikonda, akichelewa kutembea, wanawake wanatazamana: wazazi wamekutana kabla ya wakati, au baba ametoka nje, au mama ana mimba changa. Binti anayeogopa kusemwa hivyo anafanya moja kati ya mawili. Anamwachisha mtoto ziwa mapema ili aendelee na ndoa yake, au anakaa mbali na mumewe na kuishi kwa wasiwasi. Nimepima watoto wengi walioitwa wamebemendwa. Ukiuliza, uji wao ni unga na maji, mara mbili kwa siku, na kuhara hakukatiki. Tendo la wazazi haliingii kwenye maziwa. Mimba mpya nayo haiyafanyi kuwa sumu. Mama mwenye mimba isiyo na tatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, ale zaidi tu. Na kwa wanaoogopa mimba ya haraka, nawaambia hivi: mama ambaye mtoto wake hajafika miezi sita, ananyonya peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi, ana kinga ya karibu asilimia 98. Moja likikatika katika hayo matatu, aende kliniki apewe njia isiyopunguza maziwa. Kitanzi na vijiti vipo. Yule bibi anayetishia kubemenda, ukimweleza kwamba uji na maji ya mapema ndivyo vinavyoirudisha mimba haraka, hukaa chini kusikiliza. Nimeliona hilo.

Kuna jingine zito zaidi ambalo limechanganya mitaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mama mwenye virusi vya UKIMWI alielekezwa kwamba kama maziwa mbadala anayaweza, anayamudu, na maji yake ni salama, asinyonyeshe kabisa. Wengine waliambiwa wanyonyeshe miezi sita, kisha waache ghafla. Botswana, ambako serikali iliwagawia akina mama maziwa ya kopo bure, ilipata mvua kubwa na mafuriko mwanzoni mwa 2006, watoto wengi sana wakafa kwa kuhara, na zaidi ni wale ambao hawakuwa wakinyonya. Kufikia 2010 mwongozo wa dunia ulikuwa umegeuka: mama ameze dawa na anyonyeshe. Hapa kwetu, tangu 2013, mjamzito au anayenyonyesha akigundulika huanzishiwa dawa za maisha. Mtoto hupewa dawa ya kinga baada ya kuzaliwa, hupimwa akiwa na wiki nne hadi sita, ananyonya maziwa peke yake miezi sita kama mtoto mwingine yeyote, kisha ananyonya na kula mpaka mwaka na zaidi. Kilicho cha hatari ni kuchanganya mapema, ziwa asubuhi na uji mchana, na kuacha dawa.

Lakini wale walioambiwa 2003 wasinyonyeshe wako hai, alhamdulillahi, na wengine ni mabibi. Mtaani neno lao ni kwamba ukiwa nao usinyonyeshe. Matokeo yake binti anayemeza dawa vizuri anasukumwa kununua kopo ili asionekane muuaji, na binti asiyenyonyesha kwa sababu nyingine kabisa ananyooshewa kidole kwamba "anao." Gazeti lenu halijaandika hata aya moja kulisawazisha hili katika hiyo wiki yenu ya maadhimisho.

Sasa nije kwa bosi, maana bibi si peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Chanjo ya tatu ya mtoto ni wiki ya 14. Yaani mama anarudi kazini kabla mtoto hajamaliza sindano zake za mwanzo, na ushauri unasema miezi sita. Akianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, anamwacha mtoto wa wiki nane. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mama muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Waulizeni wauzaji wa maduka na wafanyakazi wa viwandani kama wamewahi kusikia saa hizo. Mimi nimewauliza. Wengi hudhani nawatania. Na bado hapo namzungumzia mwenye mkataba. Mama lishe na mchuuzi wa machungwa hapa Muheza hawana siku hata moja, na msichana wa kazi za ndani mara nyingi hazipati.

Kwa anayerudi kazini, kukamua kunawezekana, na hakuhitaji mashine. Mikono safi, bakuli au kikombe cha mfuniko kilichochemshwa, vidole nyuma ya ile sehemu nyeusi, bonyeza kuelekea kifuani kisha bana. Maziwa hayo hukaa saa nne kwenye chumba cha kawaida, kwa joto la pwani yafichwe mahali pa baridi kabisa, na kwenye friji hukaa mpaka siku nne. Yasichemshwe, kikombe kiwekwe ndani ya maji ya moto yapate uvuguvugu. Na mtoto anyweshwe kwa kikombe, hata mchanga anaweza, analamba na kumeza mwenyewe. Chupa ni vigumu kuisafisha, na baadhi ya watoto wakizoea chuchu yake husumbua kulishika ziwa. Hapa tena anayenywesha ni bibi au dada wa kazi. Mmewahi kumwandikia dada wa kazi?

Chupa imenikumbusha. Juu ya makala ile ya kuhimiza kunyonyesha mliweka picha ya chupa ya maziwa, kubwa, ya rangi. Nadhani fundi wenu wa kurasa alitafuta tu "mtoto na maziwa." Dunia ilipitisha kanuni za kudhibiti biashara ya maziwa mbadala mwaka 1981, na sisi tuna kanuni zetu, za mwisho ninazozijua ni za 2013. Picha yenu haikuwa tangazo, najua. Ila bibi asiyesoma aliona picha.

Sisemi kopo ni haramu. Wapo watoto ambao mama amefariki wakati wa kujifungua, wapo wenye mama mgonjwa mahututi, wapo walioshindikana baada ya kusaidiwa kila njia. Hao wapewe, na mlezi afundishwe bila kusutwa: maji yachemke, yasiachwe yakapoa kabisa kabla ya kuchanganywa na unga, vipimo vifuatwe kama kopo linavyosema, yanayobaki yamwagwe. Kinachoua ni kopo la wiki moja kunyooshwa kwa maji mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu hela imekwisha.

Nimalizie na miezi sita yenyewe, maana huko ndiko kliniki inakopwaya na hakuna anayeandika. Baada ya sindano za wiki ya 14, sindano inayofuata ni ya surua na rubela, miezi tisa. Katikati hapo mama anaitwa kwa mizani tu na kwa vitamini A ya mwezi wa sita, na wengi hawaji. Wanasema sindano zimekwisha. Yaani muda ambao mtoto anaanza kula ndio ambao hatumwoni. Akirudi miezi tisa, mstari wa uzito kwenye kadi umelala. Uji aliokuwa akipewa ulikuwa unamiminika kwenye kijiko. Uji wa mtoto ushike kijikoni, vijiko viwili vitatu mwanzoni, mara mbili tatu kwa siku, uongezwe karanga zilizosagwa, dagaa waliotwangwa, yai, parachichi, mchicha upondwe, ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Asali isubiri atimize mwaka. Na huo unga wa "lishe" wa nafaka saba unaouzwa bila jina kwenye mifuko, karanga zake na mahindi yake sijui zilikaa ghala gani. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nafaka moja safi, na karanga ulizochagua mwenyewe ukatupa zilizosinyaa na zenye ukungu, zinatosha.

Ninachoomba, Mhariri, ni mtumie ukurasa mmoja kumwandikia mama mkwe. Mwanzeni kwa heshima: "Mama, ulichofundishwa 1989 kilikuwa ndicho kilichojulikana." Endeleeni na sababu, kwa Kiswahili anachokijua. Ukurasa mwingine mwandikieni baba, ambaye sheria inampa siku tatu za likizo na mara nyingi hazitumii kwa mtoto. Kwenye kliniki zetu bibi haalikwi kabisa. Anaachwa nje na mzigo wa nepi huku binti anafundishwa ndani. Nilipokuwa kazini nilikuwa nawaita waingie, mwenye kelele zaidi ndiye nilikuwa namshikisha mtoto aonyeshe wenzake namna ya kumpakata.

Na mwandishi wenu akitaka kuja Muheza nitampokea, chai ipo. Ila aje siku ya mizani, asubuhi mapema kabla jua halijachoma. Siku ya maadhimisho atakuta fulana na spika.

Mkunga mstaafu,
Muheza, Tanga